UZI: Nimeijaribu Specialized S-Works Crux kwenye lami, changarawe na mchanga, kuanzia Monduli hadi njia ya Engaruka

#1 Mleta uzi (Arusha)

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Swali hili linarudi kila mara waendesha baiskeli wa Arusha na Moshi wanapokutana: hizi baiskeli za mbio za changarawe za daraja la juu kabisa, zenye usukani wa kupinda chini na tairi nene, zinafaa barabara zetu au zimetengenezwa kwa vumbi laini la Ulaya na Marekani? Wengi wanajibu kwa kusikia tu. Mimi nimebahatika. Rafiki yangu anayo S-Works Crux (Crux ni baiskeli ya changarawe ya kampuni ya Specialized, na S-Works ndilo daraja lao la juu kabisa), kimo chake na changu ni kimoja, na alipokwenda likizo aliniachia akaniambia niitumie ilivyokusudiwa, vumbi na mchanga vikiwemo. Nimeinyonga kwenye lami ya barabara kuu ya Dodoma, nikapanda nayo Monduli Juu, nikaipeleka Mto wa Mbu kwenye njia ya Engaruka. Naandika kwa kirefu kwa sababu anayefikiria kutoa fedha ya namna hii anastahili maelezo ya kutosha.

Ninachoamini nakiweka mbele kabisa. Ni baiskeli bora kuliko zote nilizowahi kupanda. Lakini sehemu kubwa ya ubora unaousikia kwenye barabara zetu unatoka kwenye tairi, upana wake na upepo uliomo, na kitu hicho unaweza kukipata kwa sehemu ndogo sana ya bei. Fremu ya daraja la juu inachangia kiasi kidogo kuliko matangazo yanavyosema. Na kuna sifa moja ya Crux ambayo sioni ikisemwa, wakati kwetu huku ndiyo yenye thamani kuliko wepesi: imeundwa kwa vipande vya kawaida ambavyo fundi anaweza kuvifungua. Nitafika huko.

Kwanza ieleweke ni chombo gani. Crux ilianza kama baiskeli ya saiklokrosi, zile mbio za saa moja kwenye tope na majani. Mwaka 2021 Specialized waliisuka upya ikawa ya changarawe, wakifuata mawazo yaleyale waliyotumia kwenye baiskeli yao nyepesi ya lami, Aethos, ya mwaka mmoja kabla. Fremu ya S-Works, saizi 56, walitangaza uzito wa gramu 725. Baiskeli nzima ni kilo 7 na robo hivi. Nyuma kuna gia 12, ndogo ya meno 10 na kubwa ya meno 44, mbele sahani moja tu ya meno 40. Gia zinahama kwa umeme bila waya. Breki ni za diski za mafuta. Bei iliyotangazwa Marekani wakati wa uzinduzi ilikuwa kama dola 12,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 kabla hujagusa usafiri wala ushuru. Hela hiyo mtu anapata kiwanja.

Sasa barabarani.

Kutoka mjini kupitia Kisongo hadi Meserani ni lami, na hapo baiskeli inakimbia vizuri mno. Unakanyaga, inaitika papo hapo. Lakini niwe mkweli kuhusu lami: ukivuka kilomita 30 kwa saa, adui mkubwa ni upepo unaokupiga kifuani, na mirija ya Crux ni ya mviringo, haikuchongwa kukata upepo. Kuna wenzake waliochongwa hivyo, mathalani BMC Kaius na Factor Ostro Gravel. Kama njia yako ni lami kwa robo tatu na vumbi kwa robo, hao watakufaa zaidi. Mchana upepo wa bonde unapoanza kuvuma kutoka mbele, nilijikunja kwenye usukani na bado nilihisi kwamba fremu hainisaidii chochote. Kazi yote ilikuwa ya mgongo wangu na viwiko.

Kuchepuka Monduli na kupanda Monduli Juu ndipo nilipoanza kufurahi kweli. Mpando ni mrefu, udongo mwekundu, mawe yaliyolegea, na kila mvua inachimba makorongo mapya yanayokata njia. Hapo huwezi kushika mwendo mmoja. Unapunguza, unakwepa, unasimama kwenye pedeli, unaanza tena. Kila unapoanza tena, wepesi wa ringi unausikia mguuni. Ringi zake ni za kaboni, jozi nzima haifiki kilo moja na nusu.

Hata hivyo nilipiga hesabu, na naomba kila anayetaka kununua aipige. Mimi nina kilo 74. Niongeze maji, nguo, vifaa na baiskeli hii, jumla tunafika kilo 84 hivi. Baiskeli yangu ya alumini ina kilo 10 na kitu, kwa hiyo jumla ni kama 87. Tofauti ni asilimia tatu na kidogo. Kwenye mpando mkali, ambapo karibu nguvu zote zinakwenda kuinua uzito, asilimia tatu ya dakika 40 ni dakika moja na sekunde chache. Kwa mtu anayegombea nafasi kwenye mashindano, dakika hiyo ni kubwa. Kwa anayetaka kufika Monduli Juu akanywe chai ya maziwa, haina uzito wowote.

Gia ndogo kabisa, 40 mbele kwa 44 nyuma, inakusogeza kama mita mbili kwa kila mzunguko wa pedeli. Ukizungusha mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita 7 kwa saa. Mpando wa asilimia 10 kwa uzito wangu unadai karibu wati 190 kwa mwendo huo. Naweza. Lakini ukishapita asilimia 14 kwenye mawe legelege, nilitamani sahani ya mbele ya meno 38 au 36. Watakaopanda milima ya Usambara au Uluguru wabadilishe hiyo sahani kabla ya kitu kingine chochote.

Kuteremka sasa. Hapa kuna jambo la kuzingatia. Baiskeli imekuja na tairi za milimita 38, na kwenye mteremko wa Monduli nilizipanda kwanza hivyohivyo. Ilikuwa inarukaruka, macho yanatetemeka, vidole vinauma kwenye breki. Nikabadilisha, nikafunga tairi za 45 za mmiliki huyohuyo, nikashusha upepo. Wakuu, ilikuwa baiskeli nyingine! Mteremko uleule, mtu yuleyule, fremu ileile. Nilishika kona kwa utulivu, breki ya mbele naikamata bila hofu, na mikono ilifika chini ikiwa mizima. Hakuna kitu kingine kwenye baiskeli hii kilichonipa badiliko la namna hiyo, na tairi mbili nzuri hazifiki hata asilimia mbili ya bei yake.

Ndiyo maana kwenye karatasi ya maelezo ya baiskeli ya changarawe, namba ya kwanza ya kutafuta ni upana wa tairi ambao fremu inaruhusu. Crux inaruhusu milimita 47. Factor Ostro Gravel inaruhusu 45, BMC Kaius 44, Canyon Grail ya mwaka 2023 inaruhusu 42, na Cervélo Áspero ya 2019 vilevile 42. Kwenye karatasi milimita tano ni kitu kidogo. Kwenye njia ya Engaruka ni kitu kikubwa sana, nitaeleza kwenye posti inayofuata. Naomba mnivumilie.

#2 Mdau wa Moshi

Mkuu, shukrani kwa uzi. Kabla hujaendelea: tairi za 45 ulizijaza upepo kiasi gani? Mafundi wetu hapa wanajaza mpaka tairi ligonge kama jiwe, ukiwaambia punguza wanakuona hujui.

#3 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu, na linahusu usalama pia.

Kwenye vumbi nilitumia PSI 26 mbele na 28 nyuma. Kwenye safari yenye lami ndefu niliongeza hadi 34 na 36. Mwenye kilo 60 ashuke kidogo, mwenye kilo 90 apande. Tairi jembamba la 38 lilihitaji karibu PSI 36 nyuma, chini ya hapo ringi inagonga mawe.

La usalama ni hili. Ringi nyingi za kaboni za siku hizi, zikiwemo za baiskeli hii, hazina ule ukingo wa ndani unaoshika tairi. Kiwango cha juu cha upepo kwa ringi za aina hiyo ni bar 5, yaani PSI 72, na tairi lazima liwe la tyublesi, yaani lisilo na tyubu ndani, linalokubaliana na ringi hizo. Mara nyingi tairi lenyewe linaandikwa kiwango cha chini zaidi ya hapo, na kinachofuatwa ni kile cha chini. Ukimpa fundi mwenye kompresa ya magari akajaza kwa kukadiria, tairi linaweza kuchomoka kwa kishindo. Nunua kipimo chako cha upepo, kibebe, na upepo ujaze mwenyewe.

#4 Mleta uzi: njia ya Engaruka

Naendelea.

Mto wa Mbu kwenda Engaruka ni kama kilomita 60, unafuata mguu wa ukuta wa Bonde la Ufa, kushoto mwamba, kulia tambarare. Ni njia ya kale; Engaruka kwenyewe kuna mabaki ya mji na mifereji ya umwagiliaji iliyochimbwa karne nyingi zilizopita, na asiyewahi kuiona aende, baiskeli au gari. Kwa mtu anayejaribu baiskeli, njia hiyo ina kila kitu: changarawe ngumu, mchanga wa makorongo, vumbi la kijivu laini la milima ya volkano, na yale mawimbi ya barabara, vituta vidogo vilivyopangana kama bati.

Nizungumzie mawimbi kidogo, kwa kuwa ndiyo yanayovunja watu moyo. Yanatokea pale magurudumu yanapopita kwa kasi juu ya ardhi kavu iliyolegea. Gurudumu linaruka kidogo, likitua linasukuma mchanga mbele, linalofuata linaruka hapohapo, na kituta kinazidi kukua. Greda likipita, baada ya muda yamerudi. Mwenye gari anaongeza mwendo ili apite juu ya migongo yake. Mwenye baiskeli hawezi kufika kasi hiyo, kwa hiyo anapigwa na kila kituta.

Kwenye mawimbi fremu ya Crux ilifanya jambo moja zuri. Nguzo ya siti ni ya kaboni, nyembamba, kipenyo milimita 27.2, inapinda kidogo nyuma na kukupunguzia kishindo kiunoni. Mbele hakuna huruma hiyo. Uma unaoshika gurudumu la mbele ni mgumu, unafaa kwa kona na kwa kusimama kwenye pedeli, lakini mawimbi yote yanapanda hadi kwenye viganja. Nililofanya ni kushika sehemu ya chini ya usukani, ambayo imetanuka kwa nje nyuzi 12, nikalegeza viwiko, nikatumia gia nzito kidogo na kutafuta ukingo wa barabara ambapo pikipiki zimepiga kijia laini. Bodaboda ndio wanaoijua njia yoyote ya vumbi kuliko sote. Fuata alama ya tairi lao.

Mchanga wa makorongo: hapa 47 ingekuwa bora kuliko 45, na tairi la baiskeli ya mlimani la inchi 2.2 lingekuwa bora kuliko yote. Unaingia korongoni na mwendo, mzigo nyuma, mikono haikazi, pedeli inazunguka bila kusita. Makorongo mafupi nilivuka. Marefu nilishuka nikaibeba, na hapo kilo saba begani ni raha tupu, sitakanusha.

Miiba sasa. Migunga na mbigili haviheshimu bei. Kwenye njia hiyo tairi la tyublesi lenye dawa ya kuziba pancha si anasa. Nilichomoa miiba kadhaa, dawa ikafoka kidogo kisha ikaziba, nikaendelea. Mwenye tyubu angekaa kivulini akibandika viraka hadi jua lizame. Angalizo: kwa joto letu dawa hukauka haraka, basi kila miezi miwili fungua vali uangalie, na uongeze. Beba na zile tambi za mpira za kuziba tundu kubwa, beba na tyubu moja ya akiba, kwani tairi likipasuka ubavuni dawa haitakusaidia.

Kuna kijana mmoja mchungaji wa Kimaasai alisimama akaiinua baiskeli kwa kidole kimoja, akaangalia tairi, akaniuliza maji naweka wapi ya safari ndefu. Ameuliza jambo la msingi. Fremu hii ina matundu ya chupa tu. Haina sehemu ya kufunga keria, haina ya kufunga kikinga matope. Ni ya mbio. Kwa safari ya siku nzima bila maduka njiani nilivaa begi la maji mgongoni na kufunga mkoba mdogo nyuma ya siti kwa mikanda.

#5 Mdau wa Dar es Salaam

Kaka, mimi sikubaliani. Njia uliyoeleza ni ya baiskeli ya mlimani. Baiskeli ya mlimani ya alumini yenye springi mbele, kwa milioni mbili au tatu, ingekupitisha Engaruka kwa raha zaidi. Hii mitindo ya changarawe imetuletea bei tu.

#6 Mleta uzi

Ndugu yangu, nusu ya hoja yako naikubali kabisa. Kwa mtu anayetoka Mto wa Mbu kwenda Engaruka na kurudi tu, baiskeli ya mlimani ndiyo jibu, na nitamwambia hivyo hadharani.

Lakini angalia anayetoka Arusha mjini. Ana kilomita zaidi ya 100 za lami kabla hajafika Mto wa Mbu, upepo mbele, malori ubavuni. Kwenye hiyo lami baiskeli ya mlimani inamchosha, amekaa wima, tairi lina meno makubwa. Baiskeli ya changarawe imeundwa kwa ajili ya mtu wa mchanganyiko huo, na barabara zetu karibu zote ni za mchanganyiko. Lami inaisha kijijini, changarawe inaanza, mvua inakuja inaigeuza tope, mbele tena daraja na lami. Sioni kama ni mtindo. Njia zetu zilikuwa hivi tangu zamani, kabla kiwanda chochote hakijazitengenezea baiskeli.

Kuhusu springi: zipo uma za springi za baiskeli hizi, zinashuka milimita 30 au 40. Jiometri ya Crux haikuundwa kwa uma wa namna hiyo, ukiufunga unainua mbele na kuharibu uendeshaji. Mwenye kuhitaji springi achague fremu nyingine tangu mwanzo.

#7 Mdau wa Nakuru

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Huku Kenya mashindano ya changarawe yamekita mizizi. Migration Gravel Race ilianza 2021, siku nne kwenye nchi ya Maasai Mara, kama kilomita 650. Vijana wa Team Amani kutoka Kenya, Uganda na Rwanda wamepambana na watu waliokimbia Tour de France, kwenye vumbi letu wenyewe. Marehemu Sule Kangangi, nahodha wao, ndiye aliyetufungua macho wengi wetu kwamba mchezo huu ni wetu. Alifariki Agosti 2022 kwenye mashindano ya changarawe kule Vermont, Marekani. Sijasahau siku niliyopata habari hizo.

Swali langu: kijana mwenye kipaji, fedha haba, aanze na nini? Asinunue S-Works bila shaka.

#8 Mleta uzi

Mungu amlaze mahali pema Sule. Mashindano ya mchezo huu yanazidi kukua: ubingwa wa dunia wa changarawe wa UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, ulianza 2022 huko Veneto, Italia, na 2024 wakati Mathieu van der Poel na Marianne Vos walipotwaa ubingwa huko Ubelgiji, majina makubwa kabisa ya baiskeli yalikuwa kwenye vumbi. Mlango upo kwa vijana wetu. Kwa hiyo swali lako nalipa uzito wake.

Crux hiyohiyo inatengenezwa kwa kaboni ya daraja la chini ya hii. Umbo ni lilelile, vipimo vya kukaa vilevile, nafasi ileile ya tairi hadi 47. Fremu inaongezeka uzito kwa gramu 100, yaani kutoka 725 kwenda 825. Gramu mia moja ni maji ya funda kadhaa kwenye chupa yako! Na kuna toleo la alumini la bei nafuu zaidi. Kijana achukue alumini, ya kampuni yoyote, hata iliyotumika, mradi iruhusu tairi la 45 na iwe na breki za diski. Halafu fedha iliyobaki iende hivi: tairi nzuri za tyublesi kwanza, mtu wa kumpimia mkao wake pili, chakula cha mazoezi na nauli ya kwenda kwenye mashindano tatu. Ringi nyepesi zije mwisho kabisa. Kijana aliyekula vizuri kwenye alumini ya kilo kumi atampita mwenye njaa aliyekalia kaboni.

#9 Mdau wa Mwanza

Mimi ni fundi baiskeli. Mleta uzi uliahidi kueleza habari ya vipuri na ufundi. Hapo ndipo mimi nasubiri.

#10 Mleta uzi

Karibu fundi, na uniongezee kwenye upungufu.

Baiskeli nyingi za bei hii zinaficha nyaya na mabomba yote ndani, yanapita kwenye beringi za shingo, na usukani na shingo yake ni kipande kimoja. Kubadilisha beringi moja ya elfu chache inabidi ukate bomba la breki, utoe mafuta, ufungue mbele yote. Kwa Arusha au Mwanza hilo ni balaa, na beringi za shingo ndizo zinazokufa haraka kwa vumbi letu.

Crux haikufanya hivyo. Shingo ya usukani ni ya kawaida, inafunguliwa kwa Allen. Nguzo ya siti ni ya mviringo, kipenyo kinachopatikana popote. Beringi za krenki zinaingia kwa uzi, zile za kufunga kwa kuzungusha, si za kugongea kwa nyundo ndani ya kaboni. Fundi yeyote mwenye kifaa sahihi anazibadilisha bila kuhatarisha fremu. Kwa maoni yangu uamuzi huo wa wabunifu ni mzuri kuliko gramu zote walizokata, na ningependa viwanda vingine viige.

Breki: za kampuni ya SRAM kama hizi zinatumia mafuta ya DOT 5.1, na DOT 4 inakubalika. Hayo ni mafuta ya breki za magari, yapo kila duka la spea. Msinunue DOT 5 mkidhani ni jambo moja. Hiyo ni silikoni na itaharibu mpira wa ndani. Na wenye breki za Shimano wasiguse DOT kabisa, zile zinataka mafuta ya madini. DOT ikidondokea rangi inaibabua, futa haraka kwa maji, na usiiache chupa wazi kwa sababu inanyonya unyevu hewani.

Umeme wa gia: kuna betri moja nyuma ya kuchaji, na kila mkono wa breki una betri ya sarafu, CR2032, ileile ya rimoti za magari. Betri ya nyuma inakaa saa nyingi za kunyonga, ila ikiisha katikati ya pori umebaki na gia moja. Beba ya pili, haizidi kiberiti. Kilichonitia wasiwasi ni kile kisikio cha alumini kinachoshika kihamisha gia cha nyuma. Baiskeli ikianguka upande wa kulia, kinapinda au kinakatika, na ndivyo kilivyoundwa ili kisivunje fremu. Huwezi kukichonga gereji. Mwenye baiskeli ya aina hii akiagiza, aagize na visikio viwili vya akiba siku hiyohiyo.

Cheni: tafadhali wakuu, tuachane na oili chafu. Inashika mchanga wa Engaruka na kuugeuza msasa, meno ya gia ya bei hii yanaliwa kabla hujajua. Safisha cheni kwa mafuta ya taa mpaka ing'ae, kausha, kisha tumia nta ya cheni. Vumbi haliikamati nta.

#11 Mdau wa Mwanza

Nimeridhika. Niongeze moja kwa wateja wetu: kaboni ikigongwa na jiwe, msiishie kuangalia rangi. Gonga taratibu kwa sarafu kando ya pale palipoumia. Mlio ukibadilika ukawa mfu, acha kuipanda, ipelekwe kwa anayejua kuunga kaboni. Na bolti zifungwe kwa kifaa chenye kipimo cha nguvu. Kaboni nyingi ninazoletewa zimepasuka pale kwenye bolti iliyokazwa kwa hasira.

#12 Dada wa Karatu

Asante kaka kwa uzi wenye faida. Huku kwetu masika barabara nyingi ni mfinyanzi mtupu. Umeijaribu kwenye tope? Na je, kwa mwanamke mwenye kimo kidogo, saizi zipo?

#13 Mleta uzi

Dada, karibu sana.

Tope la mfinyanzi mweusi halina baiskeli inayoliweza, nisikudanganye. Mwaka 2023 kwenye Unbound Gravel, mashindano makubwa kabisa ya mchezo huu kule Emporia, Kansas, washindani wengi walikutana na tope la kunata mapema tu baada ya kuanza, na mabingwa wakaonekana wamebeba baiskeli mabegani. Wenye uzoefu kule hubeba kijiti bapa cha kukorogea rangi kwa ajili ya kukwangua tope kwenye fremu. Kipande cha ubao mfukoni kitakusaidia Karatu vilevile. Nilipopita sehemu yenye tope hapa Monduli, nafasi kati ya tairi la 45 na fremu ilijaa haraka. Kwa masika, rudi kwenye tairi la 38 au 40 ili kuacha nafasi ya tope kupita. Hapo wembamba una faida. Na usilazimishe gia, cheni iliyojaa udongo ndiyo inayokata kile kisikio nilichokitaja juu.

Saizi zipo ndogo, kuanzia 49. Ila angalia krenki na usukani vilivyofungwa. Muuzaji akikuletea baiskeli ndogo yenye usukani wa sentimita 44, mwombe abadilishe kabla hujalipa. Pima upana wa mabega yako kutoka mfupa hadi mfupa, uusome kwa sentimita, na huo ndio uwe mwanzo wa mazungumzo naye.

#14 Mdau wa Moshi

Mkuu la mwisho: mwenye baiskeli akirudi, akakwambia nikuuzie kwa nusu bei, unachukua?

#15 Mleta uzi

Hapana mkuu. Ningechukua fremu ya gramu 825 au ya alumini, nikafunga tairi za 45, sahani ya mbele ya meno 38, na visikio vya akiba kwenye mkoba. Wiki ijayo nitazifunga tairi hizohizo za 45 kwenye baiskeli yangu ya alumini, ambayo bahati nzuri inazipokea, nishuke Monduli Juu kwa upepo uleule wa 26 na 28. Nitaweka matokeo humuhumu.